Kutoka Darasa la Saba Hadi Kidato cha Kwanza: Safari Fupi Iliyowapoteza Wengi

Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike juu ya historia ya wanafunzi waliofika shuleni hapa wakitoka katika nyumba zenye dhiki. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana nilikuwa mmoja wao nilipoingia Kidato cha Kwanza Januari 1976. Lakini sikusudii kusimulia habari zangu tu. Nataka wazee wenzangu, pamoja nanyi vijana mliomo madarasani, tuone jinsi kuvuka kutoka shule ya msingi kwenda sekondari kulivyokuwa kugumu, na ni nani waliowashika watoto mkono.

Wakati wa mkoloni mlinzi wa mlango alikuwa ada. Mtoto wa mkulima akifaulu, ama ng'ombe aliuzwa, ama ukoo ulichanga, ama serikali ya wenyeji ilimlipia. Aliyekosa yote hayo alirudi shambani. Mwaka 1964, miaka mitatu tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, ada ya masomo ya sekondari ikaondolewa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na hatuna budi kulikumbuka kwa shukrani.

Hata hivyo nafasi zilikuwa chache mno. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alieleza bila kuficha kwamba watoto kiasi cha 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya sekondari mwaka ule. Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto awe amepata nafasi ya shule ya msingi ifikapo 1977. Madarasa ya chini yakafurika, lakini sekondari hazikuongezeka kwa kasi ile. Kuchaguliwa kukawa kama kuokota lulu.

Mimi ni wa wakati huo. Ada sikulipa, na waranti ya treni nilipewa. Lakini fomu ya kujiunga ilitaka sanduku, shuka mbili, blanketi, viatu vyeusi, ndoo na jembe. Baba alikwisha fariki, na mama alikuwa akilima mihogo. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alitoa sanduku lake la bati. Mjomba alitoa viatu vyake, nikavijaza matambara vinitoshe. Blanketi lilitokana na mchango wa majirani, senti kwa senti.

Tulichaguliwa wawili kijijini. Mwenzangu alikuwa akinishinda hesabu tangu Darasa la Tatu. Yeye hakuripoti. Hakuna aliyemfukuza wala kumnyima; nyumbani kwao walikuwa wakingoja mahindi yauzwe wanunue vifaa, siku za kuripoti zikapita, nafasi yake akapewa mwingine. Aliishi maisha yake yote akiwa fundi baiskeli hodari, na mahesabu ya wenye maduka aliyakokotoa kichwani wakati wenyewe wakitafuta kalamu. Kila nikisikia watu wakisema kwamba aliyeachwa nyuma hakuwa na akili, humkumbuka yeye.

Waliofika walikuta kizingiti cha pili: lugha. Tulikuwa tumesoma kila kitu kwa Kiswahili, na ghafla Biolojia, Historia na Hisabati zikawa kwa Kiingereza. Wiki za mwanzo tulimtazama mwalimu mdomo tu. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa, na kizingiti kile kingali pale pale.

Cha tatu kilikuwa bweni. Njuka alichota maji ya wakubwa, akafua na nguo zao, na asiye na wa kumletea hata sabuni ndiye aliyeonewa zaidi. Bwenini kwetu kiranja mmoja wa Kidato cha Tatu aliukomesha mchezo huo. Alimpa kila njuka kaka mmoja wa kumwelekeza, na jioni kaka huyo alimsomea kitabu cha Kiingereza polepole, neno kwa neno. Haikuwa amri ya Wizara, wala haikugharimu hata senti moja. Katika njuka wa bweni lile mwaka ule, hakuna aliyetoroka.

Katikati ya miaka ya 1980 ada ilirudishwa. Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Ada ya kutwa ikashushwa kutoka shilingi 40,000 hadi 20,000 kwa mwaka, na shule za kata zikajengwa kila upande. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ada imefutwa hadi Kidato cha Nne. Lakini sare, madaftari na nauli havikufutwa. Na mtoto anayesoma shule ya kata iliyo mbali na kwao huenda akapanga chumba na kujipikia angali mdogo.

Historia hii inanifundisha jambo moja. Kila mlango mkubwa ulipofunguliwa, aliyebaki nje alikuwa yule aliyekosa vitu vidogo na mtu mzima wa kumfuatilia. Serikali hufungua mlango. Kumvusha mtoto kizingiti ni kazi ya watu wa karibu.

Basi, ndugu zangu, napendekeza hivi. Kati ya siku majina yanapotangazwa na siku shule inapofunguliwa Januari, kila kundi la waliomaliza mwaka mmoja liulizie, kupitia walimu wakuu wa shule za msingi, ni nani kati ya waliochaguliwa kuja hapa ambaye ni yatima, mlemavu, au hana wa kumnunulia viatu. Tusingoje aje kutuomba, maana hatakuja. Nanyi vijana wa Kidato cha Tatu, kila mmoja achukue njuka wake na kitabu kimoja. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mkono mmoja ukichelewa wiki mbili tu, mwana hupotea.