Wünsdorf: Msikiti Uliojengwa kwa Ajili ya Vita

Ukishuka kwenye kituo cha Wünsdorf, kama kilomita 40 kusini mwa Berlin, utakuta misonobari na mji mdogo uliojinyamazia. Nilikuwa naifuata Moscheestraße, yaani Mtaa wa Msikiti. Msikiti wenyewe haupo. Ulivunjwa miaka ya 1920.

Ulifunguliwa Julai 13, 1915, Ramadhani ilipoanza. Ulikuwa wa mbao, wenye kuba na mnara wa mita 23 hivi, na ndio wa kwanza kujengwa Ujerumani ili Waislamu wasalie. Waumini walikuwa mateka wa Vita vya Kwanza vya Dunia: Wahindi wa jeshi la Uingereza, Waarabu na Waafrika wa jeshi la Ufaransa. Kambi yao iliitwa Halbmondlager, Kambi ya Hilali.

Ukarimu huo ulikuwa na ndoana ndani yake. Novemba 1914 Sultani wa Uthmaniya, mshirika wa Wajerumani, alikuwa ametangaza jihadi. Max von Oppenheim, mwanadiplomasia aliyeishi Cairo miaka mingi, alitaka mateka hao wawageukie wakoloni wao. Wakaruhusiwa kuchinja wenyewe, wakaletewa mahubiri na gazeti la jihadi. Baadhi walikubali, wakapelekwa kwa Waturuki. Huku kwetu Afrika Mashariki, miezi hiyohiyo, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, Waislamu wengi miongoni mwao, walikuwa wakimpigania Kaisari wa Wajerumani haohao.

Wataalamu wa lugha nao walikuja na mashine za kunasa sauti. Desemba 1916 Mall Singh, mateka Kalasinga wa Punjab, alisimama mbele ya pembe ya mashine akasimulia habari za mtu fulani aliyekuwa akila siagi kwao Hindi, akaingia vita vya Wazungu, akatekwa, na sasa anataka kurudi. Mtu huyo, bila shaka, ni yeye mwenyewe. Sauti yake inahifadhiwa na Chuo Kikuu cha Humboldt hadi leo.

Baadaye jeshi la Hitler lilichimba mahandaki ya makao makuu hapahapa. Kisha wakaja Wasovieti, wakakaa hadi 1994, wakiwa na treni yao ya kwenda Moscow. Sanamu ya Lenin bado imesimama.

Jirani palikuwa na kijiji cha Zehrensdorf. Wenyeji walihamishwa ili wanajeshi wapate uwanja wa mazoezi. Makaburi ya zaidi ya mateka 200 wa Kihindi yalibaki humohumo, yakatengenezwa upya baada ya Wasovieti kuondoka na kuzinduliwa tena 2005. Yanatunzwa na tume ileile ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ya Dar es Salaam na Taveta.