Skripti Inapobisha Hodi kwa Kivinjari

Tarehe 5 Aprili 1995, Dan Farmer wa Marekani na Wietse Venema wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, waligawa bure programu ya kukagua udhaifu wa kiusalama wa kompyuta zilizo mtandaoni. Jina lake, SATAN, lilikuwa kifupisho cha maneno marefu ya kiofisi yasiyomtisha mtu, lakini magazeti yaliona kifupisho tu. Watunzi wa programu wenyewe walikuwa na utani wao: ndani ya kifurushi waliweka skripti iitwayo repent, na aliyekerwa na jina akiiendesha, kila palipoandikwa SATAN pakawa SANTA.

Kelele za magazeti zilifunika jambo lililokuja kudumu kuliko programu yenyewe. SATAN haikuwa na dirisha lake. Ilikuwa mkusanyo wa skripti, nyingi za lugha ya Perl, zilizochungulia kompyuta za watu, zikaandika matokeo kama kurasa za wavuti, kisha zikawasha kivinjari, Mosaic au Netscape, kwenye kompyuta hiyohiyo. Mkaguzi alibofya viungo na vitufe kama aliye kwenye tovuti ya mbali, kumbe hajatoka mezani kwake.

Mtu wa Unix wa miaka hiyo aliona mara moja faida yake. Kuchora dirisha lenye vitufe na orodha kulidai kurasa kwa kurasa za msimbo wa C na maktaba kama Motif, ambayo ilikuwa na leseni ya kulipia. Ukurasa wa HTML ni maandishi matupu. Skripti yoyote inayoweza kuchapisha mstari inaweza kuutengeneza, hata jedwali lake na fomu yake.

Ugumu ulikuwa kumwita msomaji. Kivinjari tayari kiko wazi, kina kurasa zake. Skripti itakiambiaje kifungue huu mpya?

Mosaic, iliyotoka mwaka 1993 katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, ilikuwa na jibu la kienyeji kabisa. Tuseme Mosaic inaendeshwa kwa namba ya mchakato 2317. Skripti iliandika faili /tmp/Mosaic.2317 lenye mistari miwili: wa kwanza neno goto, wa pili anwani ya ukurasa. Kisha ikatuma ishara SIGUSR1 kwa mchakato huo. Mosaic ikishtuliwa na ishara, ilikwenda kusoma faili na kutii. Ni hodi hasa: unagonga, unasubiri, na mwenye nyumba asipokuwepo unabaki na karatasi yako mkononi.

Netscape ilisogea hatua moja mbele. Jamie Zawinski alibuni utaratibu wa kupitisha amri kwenye mfumo wa madirisha wenyewe: amri iliachwa kwenye sifa ya dirisha iitwayo _MOZILLA_COMMAND, jibu likarudi kwenye nyingine, na ya tatu, kama kufuli, ikazuia skripti mbili kusema kwa pamoja. Mtumiaji hakuyaona hayo. Aliandika netscape -remote na openURL pamoja na anwani, basi. Firefox iliirithi amri hiyo na kukaa nayo hadi mwaka 2015.

Kwa ripoti ya kusoma tu, njia nyepesi ilikuwa kuandika ukurasa kwenye diski na kukipa kivinjari anwani inayoanza na file:, aina ya anwani iliyowekwa rasmi kwenye waraka RFC 1738 wa Desemba 1994. Ila ukurasa wa namna hiyo ni bubu: ukibofya kitufe, hakuna upande wa pili wa kupokea. SATAN ilitaka kupokea. Kwa hiyo iliwasha seva yake ndogo ya wavuti ndani ya kompyuta, na ili jirani asije akaitumia, ikatia ndani ya anwani neno la siri lililotengenezwa upya kila mara ilipowashwa.

Hapo ndipo waandishi wa programu ya kutafuta mianya walipoacha mwanya. Kivinjari kina mazoea ya kuiambia kila tovuti mpya ukurasa ambao mgeni ametokea. Mkaguzi aliyebofya kiungo cha nje kutoka kwenye kurasa za SATAN aliipa tovuti ile anwani nzima, siri ikiwemo, wakati programu yenyewe inaendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta. Mwezi haujaisha, CERT, kituo cha tahadhari za usalama wa kompyuta, ikatoa ilani, na toleo lililorekebishwa likatoka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kusawazisha. Kwa kufungulia anwani, Windows ilikuwa na amri ya start, Mac OS X ikaja na open, na kwenye Linux kila mazingira ya eneo-kazi yalikuwa na amri yake mpaka xdg-open ilipotokea mwaka 2006. Lugha ya Python, toleo la 2.0 la Oktoba 2000, ilileta moduli ya webbrowser inayokisia yenyewe kivinjari kilichopo. Tangu hapo mwanafunzi anafungua ukurasa alioutengeneza kwa mistari miwili ya msimbo. Njia ya file: ndiyo iliyozidi kubanwa. Firefox 68 ya Julai 2019, kwa mfano, iliuzuia ukurasa uliofunguliwa kutoka kwenye diski usisome mafaili ya jirani zake, na skripti nyingi zikalazimika kuwasha seva ndogo, kama SATAN ya zamani.

Mrithi mashuhuri wa mtindo huo ni daftari la IPython, la kuandikia na kuendeshea msimbo ndani ya kivinjari, la Desemba 2011, zao la mradi ambao Fernando Pérez, mzaliwa wa Kolombia, aliuanza mwaka 2001. Leo linaitwa Jupyter. Ukiandika amri yake, seva inaamka kwenye mlango 8888 na kivinjari kinafunguka. Toleo la 4.3, mwishoni mwa 2016, liliongeza tokeni ya siri ndani ya anwani.

Siri ikavuja tena, safari hii kabla hata kivinjari hakijafunguka. Kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi, amri ya ps humwonyesha yeyote maneno yote ambayo programu imeitwa nayo, na kivinjari kilikuwa kinaitwa kwa anwani yenye tokeni. Matoleo yaliyofuata 5.7.2 yalibadili mbinu: Jupyter inaandika faili dogo la HTML ambalo mwenyewe tu anaweza kulisoma, inakiita kivinjari kwa njia ya faili hilo, nalo linamsogeza msomaji hadi kwenye anwani halisi. Kwenye Chromebook, na kwenye Linux inayoishi ndani ya Windows, kivinjari kiko upande mmoja na faili upande mwingine, kwa hiyo njia ya faili haielekei popote. Ikabidi uongezwe mpangilio wa use_redirect_file, ambao wenye mashine hizo huuzima.