Kukoma hedhi: estrojeni inapopungua, mwili hubadilika vipi?

Wanawake wengi huacha kupata hedhi wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, na huna ujauzito wala hutumii dawa inayosimamisha hedhi, basi hedhi yako imekoma. Huu si ugonjwa. Hata hivyo, dalili zake zinaweza kukusumbua sana, na baadhi ya mabadiliko yanahitaji uangalifu wako.

Estrojeni ni nini?

Estrojeni ni homoni, yaani kemikali inayosafiri katika damu na kupeleka ujumbe sehemu mbalimbali za mwili. Kwa mwanamke, hutengenezwa zaidi na ovari. Wengi wanaijua kwa kazi ya uzazi, lakini ubongo, mifupa, mishipa ya damu, uke na kibofu navyo huitegemea. Ndiyo maana inapopungua, unaweza kuona mabadiliko ambayo hukudhani yanahusiana na hedhi.

Mwanamke aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji hupata mabadiliko haya ghafla, hata akiwa na umri mdogo.

Ubongo na joto la ghafla

Sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa rahisi kushtuka. Joto likiongezeka kidogo tu, ubongo huamuru mwili ujipoze: uso na kifua huwaka moto, jasho hutoka, moyo huenda mbio. Baada ya dakika chache hali hutulia, na pengine ukahisi baridi.

Jasho la usiku hukatiza usingizi. Unaweza pia kuwa na hasira za haraka, wasiwasi au huzuni, au kusahau neno ulilotaka kusema. Kwa wengi, usahaulifu huu hupungua baadaye. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, tafuta msaada, hasa kama uliwahi kuugua sonona.

Je, ni malaria?

Joto la kukoma hedhi huja na kupita, na kipimajoto hakioneshi homa. Usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha, pima kwanza. Vilevile, usidhani kila jasho la usiku linatokana na umri. Kama una homa, unapungua uzito, au unakohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe kifua kikuu na magonjwa mengine.

Mifupa na moyo

Mfupa huvunjwavunjwa na kujengwa upya kila siku. Estrojeni huzuia uvunjaji usizidi ujenzi. Inapopungua, mifupa hupoteza uimara haraka, hasa katika miaka michache ya mwanzo. Husikii maumivu yoyote, mpaka siku unapoanguka kidogo na kuvunjika kifundo cha mkono au nyonga.

Kolesteroli mbaya nayo huongezeka baada ya hedhi kukoma, na hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi hupanda. Pima shinikizo la damu na sukari hata kama unajisikia mzima. Tembea kwa kasi, beba vitu vyenye uzito unaoumudu, kula dagaa, maziwa na mboga za majani, punguza chumvi, na usivute sigara.

Uke na njia ya mkojo

Ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu. Tendo la ndoa linaweza kuuma, na maambukizi ya njia ya mkojo yakajirudia. Ukavu huu si ishara kwamba humpendi mwenzi wako, wala kwamba umekosa uaminifu. Mweleze. Vilainishi vya maji husaidia, na daktari anaweza kukupa estrojeni ya kutumia ukeni.

Unaweza kushika mimba kabla hedhi haijakoma kabisa. Endelea na uzazi wa mpango kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho ikiwa umevuka miaka 50, na kwa miaka miwili ikiwa hujafika umri huo.

Tiba ya homoni ni salama?

Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulionesha kuwa vidonge vya estrojeni na projestini kwa pamoja viliongeza hatari ya saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Wanawake wengi waliacha tiba kwa hofu. Lakini wastani wa umri wa walioshiriki ulikuwa miaka 63. Uchambuzi wa baadaye umeonesha kuwa kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake imekoma kwa muda usiozidi miaka 10, faida mara nyingi huzidi hatari.

Tiba hii haimfai kila mtu. Mweleze daktari kama umewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, ugonjwa wa ini au damu kuganda. Kama bado una mfuko wa uzazi, vidonge vya estrojeni peke yake vinaweza kusababisha saratani ya mfuko huo. Lazima viambatane na projestini. Usitumie dawa za jirani.

Nenda kituo cha afya mapema ikiwa:

- unatokwa na damu ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone moja
- hedhi imekoma kabla ya miaka 45
- dalili zinakuzuia kulala au kufanya kazi

Damu inayorudi baada ya mwaka mmoja au zaidi si hedhi iliyochelewa. Mara nyingi chanzo si saratani, lakini inaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wake, na ikigundulika mapema hutibika. Usione aibu, na usisubiri itoke mara ya pili.