Pikipiki Haikunywa Mnazi

Wadau, kuanzia Chale mpaka Ukunda, leo nagusa penye kidonda.

Mjomba wangu alimpa kijana wa jirani pikipiki apige boda. Usiku mmoja kijana akalewa, akakamatwa. Hapo sina neno, manake angeua mtu. Lakini pikipiki nayo ikalala kituoni wiki tano, jua lake, chumvi yake. Mjomba hata mnazi hagusi, ila mkopo aliendelea kulipa. Kila akiuliza itatoka lini, jibu ni moja: ngoja kesi.

Basi nikaanza kufukua historia. Sheria ya Trafiki ilianza kutumika 1954, enzi za mkoloni. Kifungu cha 44 kinamwadhibu aliyelewa hadi hawezi kulimudu gari. Siku hizi ni faini hadi shilingi 500,000, au jela hadi miaka 10, au vyote viwili. Zikaja kanuni za 2011, na Desemba 2013 Alcoblow ikaingia barabarani. Sasa kipimo cha pumzi pekee kikatosha kukutia hatiani. Watu wakaenda kortini, na 2017 Mahakama ya Rufani ikazitupa kanuni zile, kwa sababu zilileta kosa tofauti na lile Bunge liliandika. Nia ilikuwa nzuri, maandishi ndiyo yalikuwa mabovu.

Na si Kenya tu. New York, mwaka 1999, chini ya Meya Rudy Giuliani, polisi walianza kuchukua magari ya madereva walevi. Wengine walionyang'anywa hawakuwa wamekunywa, walikuwa wenye gari tu. Mwaka 2002, katika kesi ya Krimstock, mahakama ya rufani ikasema mwenye gari asikizwe mapema, asingoje kesi iishe. Aliyeandika uamuzi ule ni Sonia Sotomayor, leo jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Mimi nataka hicho tu. Mlevi anyang'anywe ufunguo usiku uleule, hata bibi yangu atapiga makofi. Lakini mwenye chombo asikizwe ndani ya siku chache, na iandikwe kwenye sheria, isiwe hisani ya afisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inalinda mali ya kila mtu.

Kijana alilipa faini, akarudi kwao. Mjomba alirudishiwa pikipiki, cheni ina kutu, betri imekufa. Hebu niambieni, hapo aliyeadhibiwa ni nani?