Rimiksi kama Uhakiki: Nyimbo Zilizofunikwa na Matoleo Yake ya Hausi

Mwaka 1994 Tracey Thorn na Ben Watt, wawili wanaounda kundi la Uingereza la Everything but the Girl, walitoa wimbo "Missing" katika albamu ya Amplified Heart. Wimbo ulipita bila kishindo. Mwaka uliofuata rimiksi ya Todd Terry, mtayarishaji wa muziki wa hausi wa New York, iliupandisha hadi nafasi ya 3 nchini Uingereza, kisha nafasi ya 2 Marekani, ambako ulidumu kwenye chati ya Billboard zaidi ya mwaka mzima. Maelezo yaliyozoeleka ni mepesi: Terry aliutia wimbo midundo, watu wakacheza. Ni kweli, ila hayatoshi. Rimiksi za kuchezeka zilitengenezwa kwa wingi mno miaka ile, na nyingi zimeshasahaulika, pengine hata na waliozitengeneza. Ninachodai hapa ni kwamba rimiksi inayoufunika wimbo asilia hufanya kazi ya mhakiki. Huusoma wimbo, ikaamua kipi ndani yake ni kiini na kipi ni pambo, na uamuzi huo ikautoa kwa sauti.

Tuanze na kilichofanyika hasa. Katika toleo la kwanza, Thorn anaimba juu ya gitaa la akustika na ngoma nyepesi. Msemaji wa wimbo anarudi kwenye mtaa alikoishi mtu wake wa zamani, ingawa mtu huyo alihama kitambo. Tunamsikiliza kama rafiki aliyeketi nasi sebuleni akitueleza yaliyomsibu. Simulizi ina mwanzo na mwisho wake. Terry hakuyagusa maneno, na sauti ya Thorn aliiacha karibu ilivyo. Alichobadilisha ni ardhi iliyo chini yake: ngoma ya besi inayogonga mapigo manne sawasawa, isiyopanda wala kushuka, isiyojali mwimbaji yuko wapi katika hadithi yake. Hapo ndipo wimbo unapojieleza upya. Mtu asiyeweza kuacha kupita mtaa uleule hana simulizi yenye mwisho, ana mzunguko. Mdundo usiokwisha unalisema jambo hilo vizuri kuliko gitaa lilivyoweza kulisema. Huzuni iliyokuwa ya mtu mmoja chumbani inabebwa sasa katikati ya umati, na kwa maoni yangu inazidi kuuma, kwa kuwa umati haumsaidii kitu.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatakuwa mgeni wa utaratibu huu. Katika takhmisa, mshairi huchukua beti za aliyemtangulia, akaongeza mishororo yake hadi ubeti ukatimia mitano, na ya mwenzake ikabaki ilivyo. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, inasomwa leo kama kazi ya wawili. Maneno ya mshairi Liyongo hayakubadilika, lakini yanatufikia yakiwa yameandaliwa njia na mishororo iliyotangulizwa na mwingine, na uzito wake hauwi tena uleule. Terry alifanya takhmisa ya aina yake, tofauti ikiwa kwamba nyongeza yake haina neno hata moja.

Si rimiksi zote zina adabu hiyo. "Professional Widow" ya mwimbaji Tori Amos, iliyomo katika albamu ya Boys for Pele ya mwaka 1996, ni wimbo mkali uliojengwa juu ya kinanda cha kale cha harpsikodi, wenye maneno mengi na mageuzi ya ghafla. Mtayarishaji Armand Van Helden aliupasua. Alibakisha vipande vichache vya sauti ya Amos, akavirudiarudia juu ya besi nene, na sehemu kubwa ya mashairi akaitupa. Januari 1997 rimiksi hiyo ilishika nafasi ya kwanza Uingereza. Hapa siwezi kusema kwamba aliusoma wimbo kwa uaminifu. Alisoma sentensi mbili tatu akafunga kitabu. Hata hivyo alisikia kitu ambacho mpangilio wa awali ulikifunika, yaani kwamba sauti ya Amos, hata ikinyang'anywa maana, inabaki na mdundo wa ndani unaojitosheleza. Ni uhakiki wa kibabe, lakini ni uhakiki.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii ni la kijamii: kwamba rimiksi hushinda kwa sababu ya klabu, spika kubwa na bajeti ya matangazo, na ubora hauhusiki. Historia ya hausi yenyewe inaelekea kuliunga mkono. Dijei Walter Gibbons aliponyoosha "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure hadi karibu dakika 10 mwaka 1976, kampuni ya Salsoul iliiuza kwa umma kwenye santuri ya inchi 12, na lengo lilikuwa wachezaji. Katika klabu ya Warehouse mjini Chicago, ambayo wengi huamini ndiyo iliyoupa muziki wa hausi jina, dijei Frankie Knuckles alikuwa akikata na kuunga tepu ili wimbo uongezewe muda pale ambapo wateja wake, wengi wao Weusi na Walatino wa mapenzi ya jinsia moja, walionyesha kuutaka. Lakini ukitazama vizuri, ushahidi huu unaelekea upande wa pili pia. Mkata tepu aliyeona sakafu ikiitikia sekunde 20 za besi na kununa kiitikio kinapoanza alikuwa anapokea maoni ya wasikilizaji makini, usiku huohuo, na wiki inayofuata alirekebisha. Wahakiki wachache wa maandishi wamewahi kupata wasomaji wa namna hiyo. Isitoshe, "Missing" ilisikilizwa sana redioni, jikoni na garini, na watu wasiojua klabu inafunguliwa saa ngapi.

Wakati mwingine uhakiki huo humrudia hata mtunzi. Mariah Carey alikuwa akiingia tena studio kurekodi sauti mpya kwa ajili ya rimiksi za mtayarishaji David Morales, kwa kuwa sauti ya awali haikukaa vizuri ndani ya muundo mpya. Naye Ben Watt, mpiga gitaa wa "Missing", aligeuka dijei wa hausi, akaja kuanzisha lebo yake ya muziki huo, Buzzin' Fly.

Sheria na desturi za biashara hazijaufikia ukweli huu. Kwa kawaida mtengeneza rimiksi hulipwa ujira wa mara moja. Mirabaha ya utunzi inakwenda kwa waliotunga wimbo, na rekodi inabaki mali ya kampuni. "Show Me Love" ya mwimbaji Robin S ilitungwa na Allan George na Fred McFarlane, ikatoka mwaka 1990 na kusahaulika. Mtayarishaji StoneBridge wa Sweden aliijenga upya kwa sauti ya besi iitwayo Organ 2, iliyokuja tayari ndani ya kinanda cha Korg M1, na mwaka 1993 ikafika nafasi ya 5 Marekani na ya 6 Uingereza. Anayeutaja wimbo huo leo huanza kuiga besi kwa mdomo kabla hajakumbuka neno lolote. Mwaka 2022 Beyoncé alipotoa "Break My Soul", wasikilizaji waliitambua besi hiyo papo hapo. Wimbo ulipotoka, orodha ya watunzi ilikuwa na George na McFarlane, StoneBridge hakuwemo.