Kima cha Ziwa Victoria na Madoa ya Jua: Swali la Mfululizo Unaojirudia, 1896–1964

Vipimo vya kila mara vya kima cha maji cha Ziwa Victoria vilianza mwaka 1896, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Kiingereza Uganda. Kufikia mwaka 1923, C. E. P. Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, alikuwa na kumbukumbu za takribani robo karne. Alipozilinganisha na hesabu ya madoa ya jua, alikuta mistari miwili ikipanda na kushuka pamoja: ziwa lilijaa karibu na 1906 na tena karibu na 1917, miaka ambayo madoa yalikuwa mengi. Kwa kuwa tangu Heinrich Schwabe, mwaka 1844, ilijulikana kwamba madoa hayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kumi hivi, ambao baadaye ulikadiriwa kuwa 11, ilionekana kwamba ziwa nalo lina kipindi chake. Jambo hilo halikuwa dogo. Anayeweza kutabiri Ziwa Victoria anatabiri pia sehemu ya maji ya Nile Nyeupe, na Misri iliishi kwa Nile.

Hata hivyo, miaka 26 ni mizunguko miwili na ushei tu. Mfululizo huitwa wa kipindi pale thamani zake zinapojirudia zile zile baada ya muda ule ule, bila kikomo. Kumbukumbu yenye mwisho haiwezi kuthibitisha hilo, inaweza tu kulifanya liaminike zaidi au kidogo. Arthur Schuster alikuwa amekwisha kulishughulikia tatizo hili. Mwaka 1897 alihoji madai kwamba matetemeko ya ardhi hufuata mwezi, na mwaka 1898 alipendekeza periodogramu: kukadiria nguvu ya kila kipindi kinachowezekana, kisha kuuliza iwapo nguvu hiyo inazidi ile ambayo bahati peke yake ingeizaa.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1927. Eugen Slutsky, huko Moscow, alichukua tarakimu za bahati nasibu ya serikali, akazijumlisha kumi kumi kwa kusogea hatua moja moja, na kutoka katika vurugu hiyo yakatokea mawimbi yaliyofanana sana na mizunguko ya kweli. Mwaka huo huo G. Udny Yule aliyaeleza madoa ya jua yenyewe kwa mfano wa pendulamu inayorushiwa njegere na watoto: huyumba kwa mwendo wake, lakini kila kipigo huuvuruga. Yaani hata kipimio alichokitumia Brooks hakikuwa cha kipindi kamili.

Mfano wa Slutsky unaligusa ziwa moja kwa moja, ingawa yeye hakuliandikia. Ziwa Victoria hupata maji mengi kutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, na mvukizo huchukua karibu kiasi hicho hicho. Tofauti ndogo inayobaki hutoka Jinja polepole. Mvua ya mwaka mmoja, kwa hiyo, haiishi mwaka huo: hubaki ziwani na kujumlishwa na ya miaka inayofuata. Mvua zisizo na mpangilio wowote zingetosha kuzaa kilele na bonde vinavyovutia jicho. Vipimo 26 vya kila mwaka havikuwa mashahidi 26 waliojitegemea, bali wachache sana waliosikilizana.

Baada ya miaka ya 1920 uhusiano huo ulififia. Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwa ziwa lenyewe. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 ziliinua maji, na kufikia Mei 1964 kima kilikuwa kimepanda kwa takribani mita 2.5, juu kuliko kipimo chochote kilichowahi kuandikwa tangu 1896. Mwaka huo wa 1964 madoa ya jua yalikuwa katika kiwango chake cha chini kabisa cha mzunguko.