Bruce wa Annandale, Mbotela wa Jogoo Road

Barabara ya Jogoo, Nairobi, haikuitwa hivyo tangu mwanzo. Mpaka uhuru ulipoingia ilikuwa Doonholm Road, njia ya kuelekea shamba la ng'ombe wa maziwa la Mskoti James Kerr Watson, aliyelipa shamba lake jina la mahali fulani Ayrshire, kando ya mto Doon. Kwenye Doonholm ile ya kwanza, William Burnes, baba wa mshairi Robert Burns, alikuwa mtunza bustani wa mwenye mali. Jogoo ametwaa barabara, lakini makanga bado anaita "Donholm!" kutwa nzima, na matatu haifiki huko kabla ya kupita Mbotela, mtaa wa nyumba za kanjo uliopewa jina la mtu.

Koo kongwe za Scotland hupenda kuorodhesha watu wao mashuhuri, karne baada ya karne, kila mmoja na cheo chake. Ukoo wa Bruce unafaa kuwekwa mezani kando ya ule wa Mbotela kwa sababu orodha yake ni ndefu na inafika mpaka kwetu. Huanza kwa mgeni. Jina lao limetoka Brix, kijiji cha Normandy, Ufaransa, na mwaka 1124 Mfalme David wa Kwanza alimpa Robert de Brus bonde zima la Annandale kwa hati. Vizazi vichache baadaye wajukuu wa mgeni huyo ndio Waskoti kuliko Waskoti. Robert Bruce, yule mfalme aliyewashinda Waingereza Bannockburn mwaka 1314, ni wa mbegu hiyo. Orodha haikawii sana kwenye jambo alilolifanya mwaka 1306 kabla ya kutawazwa: alimchoma kisu mshindani wake, John Comyn, ndani ya kanisa la Dumfries. Ardhi ikiwa yako na taji likiwa lako, doa la namna hiyo hugeuka kuwa kisa cha kusisimua.

Anayefuata ninampenda zaidi, sikatai. James Bruce wa Kinnaird, jitu la miraba minne, alifika Gondar mwaka 1770, akaishi katika jumba la mfalme wa Wahabeshi wakati wa vita na fitina, na mwaka huohuo akasimama kwenye chemchemi za Nili ya Buluu. Alijitangaza kuwa wa kwanza kutoka Ulaya kufika hapo, ingawa Pedro Páez, padri wa Kihispania, alikwisha kufika mwaka 1618. Aliporudi Uingereza wengi walimwona mwongo. Lakini mizigo yake ilikuwa na nakala tatu za Kitabu cha Henoko kwa lugha ya Kigiizi, kitabu ambacho kanisa la Ethiopia lilikitunza kwa karne nyingi huku Ulaya ikidhani kimepotea. Na hata nasaba yake ilikuwa imeshonwa kiraka: babu yake alikuwa David Hay, aliyemwoa mrithi wa kike wa Kinnaird na kulichukua jina la Bruce ili shamba lisibaki bila Bruce. Sisi tungesema mtoto ni wa baba. Wao, ardhi ilipodai jina, baba alibadilishwa.

Halafu wanakuja mabwana wa Elgin, tawi jingine la jina hilohilo. Wa saba aling'oa sanamu za marumaru za Parthenon kule Athens, wa nane aliamuru ikulu ya kiangazi ya Peking ichomwe mwaka 1860, na wa tisa, Victor Bruce, alitawala India kwa niaba ya malkia. Katika orodha za kawaida huyu wa tisa hupewa sentensi hiyo ya India na kuachwa. Orodha ikiandikwa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, yeye ndiye angeandikiwa ukurasa. Kuanzia Desemba 1905 mpaka 1908 alikuwa waziri wa makoloni huko London, Winston Churchill akiwa naibu wake, na ni yeye aliyeridhia kwamba kwa urahisi wa utawala ardhi ya nyanda za juu za Kenya isigawiwe Wahindi. Mwafrika hakutajwa hata katika kunyimwa. Kwa hati ukoo wa Bruce ulipata bonde, na miaka 784 baadaye Bruce mwingine, kwa hati vilevile, akasaidia kuamua nani asipate nyanda za juu. Nairobi nayo ikapangwa kwa rangi, Mwafrika akasukumwa upande wa mashariki na kuwekwa katika nyumba za kupanga, huku akihesabiwa kuwa mpita njia aliyekuja kufanya kazi.

Ukoo wa Mbotela nao umeanza kwa mgeni, ila huyu hakuja na hati wala hakuja kwa hiari. Masimulizi ya familia yanasema Mzee Mbotela alikuwa Myao kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akakamatwa, akauzwa, akatiwa chomboni, na manowari za Kiingereza zikalikamata jahazi lile baharini. Wenzake waliookolewa hivyo waliwekwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875. Jina lake linatokana na Bartle Frere, aliyekwenda Unguja kumshawishi Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa akashindwa. Aliyemalizia kazi mwaka 1873 ni Mskoti mwingine, balozi John Kirk.

Pwani, mtu wa heshima huhesabu nasaba yake hadi Hadhramaut au Shiraz, na asiye na mababu wa kuwataja huangaliwa kwa jicho la pembeni. Watu wa Freretown walikatwa kamba hiyo. Jina la mtu mmoja likalazimika kuwa jina la ukoo, na kizazi kilichofuata kikaanza kuandika. Mwaka 1934 James Mbotela alichapisha *Uhuru wa Watumwa*, historia ya wazee wake kwa Kiswahili. Wasomi wa baadaye wamekisuta kitabu hicho kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Wana haki, lakini mtu ambaye wazee wake walitolewa ngamani na mabaharia hao angeandika nini kingine? Mabwana wa Elgin hawakuhitaji kumshukuru yeyote. Anayetoa hati hasemi ahsante.

Deni hilo la shukrani ndilo nadhani lilimfikisha Tom Mbotela alikofika. Alikuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, mtu wa siasa za pole aliyeipinga Mau Mau hadharani wakati Nairobi ilikwisha kukata shauri lingine. Aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya hali ya hatari kutangazwa. Mwaka uliofuata Ambrose Ofafa, diwani mwenzake katika msimamo huo, naye akapigwa risasi. Baraza la jiji lilipojenga mitaa mipya ya Waafrika likaibandika majina ya hao wawili: Mbotela, Ofafa Jericho, Ofafa Maringo. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikichagua mashujaa wake kwa saruji. Uhuru ulipokuja hakuna aliyeyang'oa majina hayo, na sasa katika Eastlands hiyohiyo kuna pia mtaa wa Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Wapinzani wa miaka ya 1950 wamekuwa majirani, na sijawahi kumsikia mpangaji akilalamika. Malalamiko yake ni maji na kodi.

Hapa ndipo mila hizi mbili zinaachana kabisa. Bruce alichukua jina la mahali, akapewa mahali pengine, akapamiliki. Mahali palipewa jina la Mbotela, lakini nyumba zikabaki za kanjo, na wanaokaa humo ni akina Otieno, Wanjiku na Mutua.

Mashuhuri zaidi wa ukoo huu hakuhitaji mtaa. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1940 na kufariki Februari 2025, aliingia redioni mwaka 1964 na kuendesha *Je, Huu ni Uungwana?* kwa zaidi ya nusu karne, akiwauliza Wakenya kama ni adabu kumtembelea mtu saa ya chakula bila taarifa. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimchukua kwa mtutu wa bunduki atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Walikuwa na silaha, na kituo cha redio kilikuwa mikononi mwao, lakini walijua nchi ingeiamini sauti ipi.